Maana ya Pili

Mwalimu Ridhiwani Bwanausi alifundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu hakujua afanye nini na kichwa chake. Wenzake walifuga kuku, mmoja akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Yeye alibaki kibarazani kwake Magomeni, Bagamoyo, na kamusi isiyo na jalada aliyoachiwa na Mwingereza mmoja aliyewahi kufundisha naye zamani. Kazi yake ikawa kukusanya maneno. Hakuyataka haya ya redioni na ya simu. Alikusanya maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kufa au yaliyo mahututi, ambayo Mwingereza wa leo ukimtajia anakutolea macho.

Aliyapenda hasa yale yaliyofanana na ya kwao. Siku aliyogundua kwamba Waingereza wa kale walikuwa na neno moja la kesho kutwa, "overmorrow", na jingine la juzi, kisha wakayatupa yote mawili, alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Sasa wanasema siku iliyo baada ya kesho," alimwambia, "kama mtoto anayehesabu vidole. Sisi tuna kesho kutwa, tuna mtondo, tuna mtondogoo."

Lilikuwapo pia neno "groak", la kumkodolea macho mtu anayekula mpaka aone haya akukaribishe. Huko ni kudoea hasa, alisema. Bi Sophia, mkewe, ambaye shule yake iliishia darasa la saba lakini ulimi wake haukuishia popote, akamwuliza kama anayedoea kwa Kizungu anashiba zaidi.

Watu walimletea karatasi zao. Barua za ubalozi, vyeti vya hospitali, mikataba ya kazi. Hakumtoza mtu chochote. Alichokipenda ni ule ukimya wa watu wazima wanaomtazama mdomoni, wakingoja aseme.

Wapimaji wa ardhi walipofika Mlingotini, watu waliambiwa watafute karatasi zozote za zamani zinazohusu mashamba yao. Ndipo wakaja kibarazani watu wawili, asubuhi moja ya Jumamosi, wakiwa na bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa.

Wa kwanza alikuwa Muharami bin Masoud, mzee wa miaka sabini, mwembamba, kanzu yake imefuliwa mpaka imeng'aa. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa muadhini wa msikiti wa kwao, na waliokuwa wakienda Mlingotini kununua samaki waliijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake. Wa pili alikuwa Mahmoud, mtoto wa marehemu kaka yake, Salumu. Walikuwa na shamba moja la minazi na mikorosho, la Masoud, baba wa mmoja na babu wa mwingine, ambalo halikuwahi kugawanywa. Walitaka lipimwe kwa majina yao wawili, nusu kwa nusu. Hapakuwa na ugomvi. Walikuja kwa pikipiki moja.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mahmoud.

"Marahaba. Karibuni. Bwana Muharami, habari za siku nyingi?"

"Njema, alhamdulillahi. Tumekuletea kazi."

Karatasi ilitoka katika sanduku la Salumu. Ilikuwa barua ya mwaka 1953, iliyopigwa taipu na meneja wa shamba la mkonge kwenda kwa mkuu wa wilaya, kuarifu kwamba kibarua Masoud bin Issa amefariki baada ya kunaswa na mashine ya kusaga mkonge, na kuomba familia yake isaidiwe. Mtoto wa duka la kudurufu alikwisha kuwatafsiria kwa simu yake. Mwalimu Bwanausi aliisoma tafsiri ile akatabasamu. Pale meneja alipoandika "relict", simu iliandika masalio.

"Neno la kale hili," alisema. "Maana yake mjane. Aliyebaki. Masoud hakuacha masalio, aliacha mjane."

"Mama," alisema Muharami. "Mwanahija."

"Ndiye."

Sentensi iliyofuata ilisema marehemu ameacha watoto wawili wa kiume, na kwamba kati yao Muharami peke yake ndiye "natural son" wake. Simu ilikuwa imeandika mtoto wa asili. Mwalimu aliyatazama yale maneno mawili na moyo wake ukaruka kidogo, kama anapookota sarafu ya kale ufukweni. Alikuwa amewahi kuyaona kwenye kamusi yake, na akayanakili.

Angeweza kuandika mwanawe, wakanywa kahawa, wakaondoka. Lakini Mahmoud alikuwa ameinamia karatasi.

"Mwalimu, mbona hapa wanasema peke yake? Na baba yangu je? Yeye si mtoto wa asili?"

Muharami alikuwa akitabasamu, mikono juu ya magoti. Alikuwa amefurahi kuona jina lake limeandikwa na Mzungu mwaka ule, yeye akiwa mtoto wa miaka miwili.

"Neno hili lina mtego," alisema mwalimu, na sauti yake, bila yeye kukusudia, ikawa ile ya darasani. "Ukilisoma kwa macho ya leo utasema ni mtoto wa kuzaa. Lakini katika Kiingereza cha zamani, cha mahakamani na cha makanisani, lilikuwa neno la kusitiri. Walilitumia kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa."

Alikwisha kulisema ndipo akasikia alichosema.

Mahmoud hakuinua kichwa. Muharami alibaki na lile tabasamu usoni, limekosa pa kwenda. Kisha akauliza taratibu, "Una hakika?"

Na Mwalimu Bwanausi akasema ana hakika. Akaingia ndani akaleta kamusi yake, akawaonyesha mstari kwa kidole. Aliandika tafsiri nzima kwa mkono wake, akatia sahihi na tarehe, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa kila mtu.

Jioni Bi Sophia alisikiliza habari ile, akiwa anachambua mchele.

"Ulilazimika kusema?"

"Waliniuliza."

"Walikuuliza neno," alisema Bi Sophia. "Wewe umewapa mtu."

Kikao cha ukoo kilifanyika Mlingotini wiki mbili baadaye. Mwalimu hakualikwa, lakini habari zilimfikia. Sheikh Mikdad, aliyeitwa asimamie, alikataa kuigusa ile karatasi. Alisema mtoto ni wa kitanda, yaani wa mume mwenye ndoa, nasaba haivunjwi na taipu ya meneja wa mkonge, na anayemsingizia Mwanahija, aliye kaburini, alete mashahidi wanne. Kwa sheria ya dini mambo yalikwisha pale. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje ya kikao. Lilikuwa kisimani, lilikuwa sokoni kwenye samaki. Na jina la mzee mwenyewe likawapa watu kazi rahisi: alizaliwa mfungo nne, mwezi wa Muharamu, akapewa jina la mwezi, na sasa watoto waliunganisha Muharami na mwana wa haramu wakapata wimbo wa kurukia kamba.

Alfajiri ya Ijumaa iliyofuata Mlingotini iliadhiniwa na sauti nyingine. Sheikh Mikdad alimfuata Muharami nyumbani, akambembeleza. Muharami akamwambia, "Kila nikishika kipaza sauti nitajua wanachofikiri. Sitaki watu waitwe kwenye swala huku wakitabasamu."

Mahmoud, haki yake isemwe, hakumfukuza mtu. Ndugu zake ndio waliosema maneno, yeye akanyamaza, na kunyamaza kwake kukatosha. Siku wapimaji walipokuja na mawe ya mipaka, Muharami alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akasema shamba liandikwe jina la watoto wa Salumu. Kama ana haki, anaisamehe; kama hana, hataki cha watu. Akaweka dole gumba. Mwezi haukwisha akahamia Chalinze kwa binti yake Jasmin, aliyekuwa na kibanda cha chakula kwenye maegesho ya malori. Mtu aliyezaliwa akisikia bahari akaenda kulala penye honi.

Mwalimu Bwanausi alijiambia kwamba yeye hakutunga lile neno. Alilikuta. Alijiambia hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujieleza vizuri, karibu alijishawishi.

Sikukuu ya Idi Kubwa binti yake Hafidha, mwalimu wa msingi kule Zinga, alimletea zawadi kwenye gunia la plastiki. Ilikuwa kamusi kubwa ya Kiingereza, majuzuu mawili, kila moja zito kama tofali, aliyoipata kwa wauza vitabu vya mitumba Dar. Kamusi hii haikutoa maana tu. Ilifuata kila neno tangu utoto wake, ikasema lilianza na maana gani, ikageuka lini, ikageuzwa na nani. Mzee alikaa nayo siku tatu, hata kula alisahau mpaka aitwe. Siku ya nne alifungua herufi ya N.

Maana ya kwanza ya "natural", kwa mtoto, ilikuwa hii: aliyezaliwa kweli na mtu huyo, wa damu yake, na hasa aliyezaliwa katika ndoa; kinyume cha mtoto wa kulelewa. Ile ya nje ya ndoa ilikuwa maana ya pili, iliyokuja baadaye. Na kwa miaka mingi maana zote mbili zilitumika pamoja, zimekaa ndani ya neno moja kama wake wenza.

Aliisoma mara nyingi. Kisha akaikumbuka sentensi ya meneja, kwa kuwa alikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Watoto wawili wa kiume, na kati yao Muharami peke yake ndiye wa damu. Sentensi ilikuwa inasomeka kama maji. Meneja hakuwa anasitiri chochote; alikuwa anamweleza mkuu wa wilaya ni mtoto yupi wa marehemu na ni yupi aliyeletwa.

Kesho yake alikwenda Zinga kwa Bi Ashatu. Alikuwa bibi wa miaka themanini na zaidi, aliyekulia kambini kwenye shamba lile la mkonge, ambako mama yake alikuwa akipika. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini kumbukumbu ilikuwa nzima.

"Mwanahija nilimjua," alisema. "Alikuja kambini na mume wa kwanza, mtu wa bara, akafa kwa homa. Akabaki na Salumu mgongoni. Masoud akamwoa, na mimi nilikula pilau ya harusi ile, nilikuwa mtoto wa kutumwa maji. Muharami akazaliwa mwaka wa pili yake."

"Kwa hiyo Salumu hakuwa mtoto wa Masoud."

"Alikuwa mtoto wa kambo. Lakini Masoud alikataza neno hilo lisitamkwe nyumbani kwake. Alisema huyu ni wangu. Na sisi tukashika hivyo. Na Masoud akafa, na Mwanahija akafa, tukaendelea kushika."

"Bi Ashatu, Muharami ameondoka kwao kwa aibu. Mbona hukusema?"

Yule bibi aligeuza uso upande sauti ilipotoka. "Nani alikuja kuniuliza? Mlikuwa na karatasi."

Mwalimu alipanda basi la Chalinze asubuhi, mkoba kwapani, na ndani ya mkoba juzuu la pili la ile kamusi, kana kwamba Muharami angehitaji kuonyeshwa mstari kwa mara nyingine. Alimkuta nyuma ya kibanda cha Jasmin, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimenya vitunguu. Alikuwa amekwisha sana. Kifua kilikuwa kinambana, kila baada ya maneno machache alitua kuvuta pumzi. Jasmin aliwaletea chai, akamsalimu mgeni kwa adabu bila kumwangalia, akarudi kwa wateja wake.

"Nimekuja kukwambia nilikosea," alisema mwalimu.

Akaeleza yote. Maana ya kwanza, maana ya pili, pilau ya harusi, Salumu mgongoni. Lori lilipita, wakangoja vumbi litulie. Muharami alikuwa ameacha kumenya.

"Kwa hiyo mimi ni mtoto wa baba yangu."

"Wa damu na wa ndoa. Hata siku moja hukuwa kitu kingine."

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu. Nimekuja kwako kwanza. Kutoka hapa nakwenda kwa Mahmoud, kisha kwa Sheikh Mikdad, nikaseme mbele ya watu."

"Useme kwamba Salumu hakuwa mtoto wa Masoud."

"Niseme kwamba wewe ulikuwa. Nitalitaja hilo tu."

"Mahmoud si mjinga," alisema Muharami. "Atakuuliza lile swali lake. Mbona peke yake?" Akavuta pumzi. "Salumu ndiye aliyenipeleka jandoni. Nilipougua tetekuwanga alilala chini miguuni pangu siku tisa. Yeye ndiye aliyenisukuma nikaadhini mara ya kwanza, nikiwa natetemeka. Alijua? Sijui kama alijua. Leo yuko kaburini hawezi kujibu, nimvue baba? Wewe umeshazoea kuwavua watu baba zao, mwalimu. Mimi sijazoea."

Mwalimu Bwanausi aliinama. Alitaka kusema juu ya Jasmin na nduguze, kwamba nusu ya shamba lile ni haki yao nao, lakini hakuona kwamba mdomo wake ndio wa kudai haki za watu.

"Naomba radhi," alisema.

Muharami alikirudia kitunguu chake.

"Nadhani utaipata," alisema. "Lakini si leo. Nimekaa na hasira zaidi ya mwaka, nikidhani namkasirikia mama yangu. Mama yangu, mwalimu. Nimemsomea Yasini nikiwa na kinyongo. Leo ndiyo naambiwa hasira hiyo ni ya kwako. Wacha niizoee kwanza. Njoo siku nyingine."

Walipeana mikono. Mwalimu alirudi kwake, akapanga kwenda tena baada ya wiki mbili. Wiki ya pili Bi Sophia akashikwa na malaria, ikapita. Ya tatu ikanyesha, barabara ikakatika. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Hafidha alipiga simu kumwambia kwamba mzee Muharami wa Mlingotini amefariki Chalinze, anazikwa alasiri.

Jasmin alisema baba yake aliagiza azikwe palepale, asirudishwe. Makaburi ya Chalinze yako kwenye udongo mwekundu mgumu, na wachimbaji walikuwa vijana wa maegeshoni wasiomjua. Kutoka Mlingotini walikuja watu wanane tu, Sheikh Mikdad na Mahmoud miongoni mwao. Baada ya kufukia, Sheikh Mikdad alichuchumaa kichwani mwa kaburi akasoma talakini, na kama inavyosomwa kwa kila maiti, mkubwa na mdogo, alimwita kwa jina la mama yake: ewe Muharami, mwana wa Mwanahija. Mwalimu Bwanausi alisimama nyuma ya wote. Hakulia. Alihisi kiu tu, kiu kali, na hakuomba maji.

Watu walipotawanyika Mahmoud alimkuta kando ya barabara, akamkaribisha kwenye gari aliloazima. Waliyapita maegesho ya malori na kibanda cha Jasmin.

"Baba mdogo alikuwa mtu mwema," alisema Mahmoud hatimaye. "Japo..." Akaliacha hapo.

"Hakuna japo," alisema mwalimu. "Alizaliwa ndani ya ndoa. Mimi ndiye niliyekosea kusoma. Lile neno lina maana mbili, nikachukua isiyo yake."

Mahmoud alipunguza mwendo. Gari la nyuma likapiga honi, likawapita.

"Kama ni hivyo," alisema, "lile peke yake lilikuwa la nini?"

Mwalimu alitazama mbele. Aliona mdomo wa Muharami ukitafuta pumzi juu ya vitunguu.

"Sijui," alisema.

"Wewe hujui?"

"Sijui, mwanangu. Wazungu nao hukosea kuandika."

Mahmoud alimtazama, akarudisha macho barabarani, na hakuuliza tena. Lakini mikono yake ilikuwa imeubana usukani, na mwalimu aliona kwamba swali limekwisha kuingia, na kwamba yule bwana atabaki nalo, analigeuza upande huu na upande huu, miaka yote iliyobaki. Alimshusha Magomeni, akasema asante kwa kuja kuzika, akaondoka.

Sheikh Mikdad aliusoma waraka wa mwalimu msikitini Ijumaa iliyofuata, mistari minne, kwamba marehemu Muharami alikuwa mtoto halali wa Masoud na aliyesema vinginevyo ni yeye, Ridhiwani Bwanausi, kwa kutojua. Watu waliitikia, wakamwombea marehemu. Wale watoto wa kamba walikuwa wamekwisha kuusahau wimbo. Mawe ya mipaka yako palepale yalipochimbiwa, na kwenye hati hakuna jina la Muharami wala la Jasmin. Mwalimu anajua nusu ile ni ya nani, na kila mwezi hujiambia atakwenda kwa Mahmoud. Mahmoud akimwona kwa mbali sokoni, hubadilisha njia.